Kura ya Kung'oa Kufuli ya Pili

Gideon bado anaishi Milimani. Naanza na hiyo ili msisome mpaka mwisho mkitumaini kwamba alifungwa. Hakufungwa. Ana geti linalojifungua lenyewe, na mbwa wanaokula nyama siku ambazo mimi nakula sukuma, na kanisani bado anakaa mbele. Elkana, aliyekuwa mdhamini wetu, anafuga kuku wa mayai na anawauzia trei watu walewale aliowatupa. Nawataja kwa majina kwa sababu wao walinitaja mimi kwa jina, mbele ya watu, na hakuna aliyewaambia wakome.

Mimi ni Wafula. Shule niliachia darasa la sita. Baba alikuwa mtu wa reli, tukalelewa kwa nyumba za reli hapa Nakuru mjini, na kazi niliyoifanya karibu maisha yangu yote ni moja: mtunza stoo. Si uaskari. Askari anakaa nje na rungu. Mimi nilikuwa najua kilichoko ndani, kiko kiasi gani na kina hali gani, na nilikuwa na ufunguo mmoja kati ya mbili.

Nawaandikia nyinyi vijana kwa sababu naona mnaweka akiba yenu kwa mifuko ya uwekezaji mkiwa mmelala kitandani, simu mkononi. Mpwa wangu Brayo alinionyesha. "Anko, ni kubonyeza tu. Inazaa yenyewe." Nikamuuliza, hiyo mali imeshikwa na nani? Akaniangalia kama nimemuuliza mvua inalala wapi. Hapo ndipo niliona heri niandike.

Kule Mau Narok wakulima wa ngano walikuwa na shida ya kila mwaka. Mkivuna mnavuna wote, bei inaanguka, madalali wanafika na malori wanawachekea. Gideon alikuwa mtoto wa hukohuko, amesomea mambo ya fedha Nairobi, akarudi akaanzisha Mfuko wa Nyanda. Unaleta magunia yako, unapewa hisa. Mfuko unakaa na ngano mpaka bei ipande, unauza, sehemu unarudishiwa wewe, sehemu inanunua ngano nyingine. Lilikuwa wazo zuri. Sitalikataa leo kwa sababu nina hasira.

Sasa, mtu akikusanya mali ya watu wengi na kuwaahidi faida, kuna sheria inamshika. Kuna mdhibiti huko Nairobi, na mdhibiti alisema hivi: meneja wa mfuko anaweza kuamua nini kiuzwe na lini, lakini mali yenyewe asiiguse. Kuishika ni kazi ya mtunzaji, ambaye ni kampuni nyingine kabisa. Kuwaangalia hao wawili kwa niaba ya wenye hisa ni kazi ya mdhamini. Na mkaguzi wa hesabu atoke nje kabisa. Watu wanne wasiokula sahani moja.

Msione ni jambo la wazungu. Kwa kamati zetu za harusi, anayekusanya mchango hatumwi kununua ng'ombe. Kila mtu anajua kwa nini na hakuna anayeuliza.

Kampuni iliyokuwa mtunzaji ndiyo iliniajiri, chini ya Mzee Otiato, na yeye ndiye aliyeigeuza hiyo sheria ya Nairobi ikawa kitu cha kushikwa. Aliweka kufuli mbili kwa mlango wa stoo. Moja ya Gideon, moja yetu. Gideon akitaka kuuza, aje na ufunguo wake, na sisi tuje na wetu baada ya kupata barua ya mdhamini. Mmoja wetu akikosa, lori linarudi tupu. Madereva walitutukana mpaka wakachoka.

Otiato alinifundisha kazi kwa kunicheka. Mnajua bambo? Kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, unachoma gunia, punje zinateremka kiganjani unaziangalia. Siku zangu za kwanza nilipita nikichoma magunia ya pembeni, yale yaliyo kifuani, nikatangaza kwamba ngano yote ni safi.

"Yote?" akaniuliza.

"Yote, mzee."

Akapanda rundo kama paka, na magoti yake yale mabovu, akavuta gunia moja kutoka katikati akalitupa chini miguuni pangu. Likapasuka. Makapi matupu. Alikuwa ameyapanga yeye mwenyewe asubuhi.

"Mtoto wa reli," akasema, "mwizi anajua urefu wa mkono wako. Kwa hivyo anaanza pale mkono wako unaishia."

Basi nikajifunza kupanda. Nikajifunza kwamba rundo lililojaa halitikisiki ukitembea juu yake, lakini rundo lenye tumbo, yaani lile limepangwa magunia pembeni na katikati ni mbao na hewa, linakujibu chini ya kisigino. Nikajifunza kuweka chumvi kavu na ngano ndani ya chupa kavu na kutikisa; chumvi ikishika kioo, ngano ina unyevu, mwambie mwenyewe akaianike. Nikajifunza kuingiza mkono ndani ya gunia na kungoja. Ngano ikiwa na joto kama chai iliyosahaulika, kuna wadudu. Kipima unyevu kilikuja baadaye, kikaharibika, na chupa ya chumvi ikaendelea na kazi.

Mara moja mdhibiti alimtuma mkaguzi wake. Kijana mzuri, viatu vya kung'aa. Alitaka kupiga picha ya rundo kutoka mlangoni na kwenda zake.

"Boss, panda," Otiato akamwambia.

"Nipande wapi, mzee?"

"Juu. Huku chini unaona magunia. Ngano iko juu."

Alipanda. Alipiga chafya huko mpaka njiwa wakatoka kwa dari. Alishuka suruali ikiwa nyeupe, akacheka, akaomba kufundishwa kushika bambo. Huyo simlaumu kwa lolote. Wakaguzi kama yeye wangekuwa wengi, ningekuwa nawaandikia mambo mengine.

Lakini sheria nayo ilianza kunenepa, na hapa nitasema ukweli hata kama unamsaidia Gideon. Kila wakati kuliletwa kanuni mpya. Meneja awe na afisa wa kuangalia sheria tu. Mtaji uongezwe. Ripoti kila robo mwaka. Mtunzaji awe na bima hii na ile, watu wake wawe na vyeti. Otiato aliambiwa alete cheti cha sekondari, akawauliza kama ngano itakisoma. Aliondoka akaenda kwao Busia, magoti yakiwa sababu ya mdomoni. Mimi niliachwa kwa sababu hakuna mwenye cheti aliyekubali kuishi Mau Narok kwenye ile baridi.

Na ada zilizotozwa mfuko wetu wa magunia zilipimwa kwa kipimo cha mifuko mikubwa ya kule kwenye majumba ya vioo. Mkubwa akilipa hashtuki. Sisi tulishtuka. Gharama zote hizo zilitoka kwa faida ya mkulima, na mkulima aliziona zimebandikwa ukutani mwisho wa mwaka: ada ya mtunzaji, ada ya mdhamini, ada ya mkaguzi, leseni. Waliotunga hizo kanuni siwajui majina, ningewataja pia. Walitaka kumlinda mtu mdogo, wakamtengenezea mlango mzito hata yeye mwenyewe akashindwa kuufungua.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Tabitha. Mjane, shamba lake linapakana na barabara ya kushukia Njoro. Aliniita mwanangu, akaniwekea maziwa kila jioni, hakuwahi kunipandishia kodi. Mama Tabitha alikuwa ameweka ngano yake yote kwa mfuko, mpaka ile ya mbegu, kwa sababu stoo yetu ilikuwa kavu kuliko ghala lake. Mkumbuke hapo. Mkulima akipoteza ngano ya kuuza amepoteza mwaka. Akipoteza mbegu, shamba linaanza kumtoka.

Alisimama mbele ya ile karatasi ukutani, miwani kwa pua.

"Wafula, hii ada ya mtunzaji, kumbe ni wewe?"

"Ni kampuni, mama. Mimi napata kidogo tu hapo."

"Kumbe nakupa maziwa na bado unanikamua." Alicheka. Mwaka uliofuata aliuliza tena lakini hakucheka.

Gideon aliona hiyo. Mtu mwerevu haleti hasira, anangoja ije halafu anaipanda. Akaitisha mkutano kwa uwanja wa kanisa, wenye hisa wote. Akasema, kwa nini tuwalipe watu wa Nairobi watuchunge kama watoto? Tuvunje mfuko. Tugawanyike tuwe vyama vidogo vidogo, kila chama kijiandikishe kama kikundi cha kujisaidia. Chama hakiko chini ya mdhibiti. Hakitakiwi mtunzaji, wala mdhamini, wala mkaguzi. Stoo ni ileile, ngano ni ileile, yeye ataendelea kutuuzia kama kaka, bila leseni, na zile ada zote zitarudi mfukoni mwa mkulima.

"Kufuli ya pili ni ya watu wanaodhani sisi ni wezi," akasema. "Je, sisi ni wezi?"

"Hapana!"

Kisha akasimama Elkana. Msikize vizuri. Elkana alikuwa mdhamini. Kisheria, yeye ndiye mtu pekee pale uwanjani aliyelipwa kusema, ngojeni kwanza, mnajua mnaacha nini? Kisheria hakuwa wa Gideon, alikuwa wa wale mama walioketi kwenye nyasi. Alishika Biblia, akasema ndugu wakikaa pamoja kwa umoja ni jambo jema, akatuombea, akaketi karibu na Gideon.

Niliinua mkono.

"Mimi nauliza tu. Ufunguo wangu nitampa nani?"

Gideon akatabasamu. "Wafula anaogopea kazi yake." Watu wakacheka.

"Sawa, naogopea kazi yangu. Nimeuliza ufunguo."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Wewe una shamba hapa?"

"Sina."

"Una gunia hata moja humo ndani?"

"Sina."

"Sasa unatusumbulia nini, mtu wa reli? Hii ngano imekuzaa?"

"Sikilizeni," nikasema. "Kufuli hizi mbili hazikuwekwa kwa sababu Gideon ni mwizi. Ziliwekwa ili hata akiwa mwizi msipoteze kitu." Nilidhani nimesema vizuri. Uwanja ulinguruma kama nimemtukana mama ya mtu. Kwetu huku, kumchunguza mtu mliyeomba naye ni kumtukana. Mtu unamwamini ama humwamini. Hakuna mahali pa katikati pa kuweka kufuli.

"Wafula, mwanangu," akasema Mama Tabitha. Hakuwa mkali. "Kaa chini."

Nikakaa. Kura ilikuwa ya kuinua mikono. Niliona wake ukipanda. Nilimwangalia, na yeye akaangalia nyasi.

Kwa hivyo hakuna mtu aliyevunja sheria. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Mfuko ulifungwa vizuri, kwa kura, mdhibiti akaarifiwa, leseni ikarudishwa. Nililazimisha tuhesabu ngano kabla sijaondoka, na hesabu ilitimia, ilikuwa safi na kavu. Kisha nikafungua kufuli yangu kwa mara ya mwisho, na Elkana akaichukua akaipima mkononi. "Hii ni nzito," akasema. "Itafaa banda langu la kuku."

Nilirudi Nakuru. Nikapata kibarua cha kupokea mizigo kwa mwenye kinu kimoja cha kusaga, si kikubwa. Siku moja, saa za mchana kweupe, lori likaingia na magunia yaliyoshonwa kwa mshono wa Otiato: sindano inarudi mara mbili kwenye pembe halafu sikio linaachwa la kushikia. Alinifundisha mimi, na hakuna mtu mwingine anashona hivyo.

"Hii ni ya wapi?" nikamuuliza dereva.

"Mau Narok, mzee. Ya chama."

"Nani alipitisha?"

"Kupitisha?" Dereva alikuwa anatafuna mahindi. "Mzee, kufuli ni moja. Mwenyewe alifungua tukapakia."

Bei wakati huo ilikuwa chini kabisa. Hakuna mtu anauza bei ikiwa chini isipokuwa ana haraka. Nikampigia Mama Tabitha papo hapo.

"Mama, ngano inateremka huku. Nimeiona."

"Gideon alituambia. Anaihamisha ipate hewa, kuna wadudu."

"Mama, iko kwenye kinu. Inasagwa. Nimesimama hapa unga unaniingia masikioni."

"Wafula, ulifutwa na ukakasirika. Ni haki yako. Lakini usiniharibie majirani." Akakata.

Nilipiga kwa ofisi ya mdhibiti. Mama mmoja alinisikiza kwa heshima mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza jina la mfuko. Nikasikia akibonyeza bonyeza. "Huu ulifungwa na wanachama wenyewe," akasema. "Chama hatuna uwezo juu yake, mzee. Wangebaki, leo hii ningetuma mtu afunge hiyo stoo." Nilimuuliza basi nimwambie nani. Akasema polisi. Polisi wakaniuliza kama mimi ni mwanachama. Sikuwa.

Bei ilipopanda, wenye ngano walienda kufungua. Niliambiwa na wengi, na wote walisimulia sawa. Mbele kulikuwa na ukuta wa magunia mazuri mpaka darini. Nyuma ya ukuta, mbao na giza. Rundo lenye tumbo. Gideon alisimama pale akashangaa kuliko wote. "Muulizeni Wafula," akasema. "Ni nani mwingine anajua kupanga namna hii? Alikuwa na ufunguo miaka yote." Elkana akaongeza kwamba hakuwahi kuniona nikifunga macho wakati wa maombi.

Nilihojiwa na polisi mpaka nikajua majina ya watoto wao. Hesabu ile ya mwisho iliniokoa, ile niliyolazimisha ifanywe mbele ya watu. Gideon alisema ni biashara iliyoharibika, si wizi, na watu waende mahakamani kama wana neno. Walienda. Kesi inaahirishwa. Wakili wake anaeleza vizuri sana kwamba vyama vilimwachia ngano kwa hiari, na hakuna sheria iliyomtaka awe na mtu wa kumwangalia. Ni kweli. Waliiondoa wenyewe, mikono juu.

Kwa hivyo vijana, mkiona kwenye simu yenu gharama za mtunzaji na za mdhamini zinameng'enya faida yenu, mnung'unike, ni haki yenu, na mkipata nafasi muwaambie wanaotunga kanuni wazipime kwa mwili wa mtu mdogo. Lakini siku mtu mnayempenda atakapokuja kuwaambia mtoke nje ya sheria ili hiyo gharama ibaki kwenu, jueni mnauza nini. Na nyinyi ambao mtafanya hizi kazi, mkiwa wadhamini ama watunzaji, mkiitwa kukaa meza moja na meneja, soda yake mnywe kama mna kiu, lakini kiti mkivute mbali. Mtachukiwa. Mimi sikupata zawadi yoyote kwa kuwa upande wa ukweli, sitawadanganya. Nilipata jina baya tu, na kifua cha vumbi.

Mwaka jana nilipanda Mau Narok. Shamba la Mama Tabitha limekodishwa kwa shemeji yake Gideon, kwa sababu mwaka ule hakuwa na mbegu, na uliofuata hakuwa na nguvu. Yeye amebakiza nyumba na kipande cha viazi. Alinikaribisha jikoni. Nilikuwa nimejiandaa njiani kwa maneno makali, lakini alikuwa amekonda, na maneno yakakosa pa kukaa.

"Ulituambia," akasema.

"Niliwaambia."

"Ungekuwa mtu wetu, tungekusikiza."

Niliweka kikombe chini. "Na Gideon, mama? Yeye ni mtu wenu?"

Aliangalia dirishani. Trekta la watu wengine lilikuwa linageuka kwenye shamba lake.

"Ni wetu," akasema. "Bado ni wetu. Wewe angalau tulijua mahali pa kukufukuzia."